Kiu Iliyopewa Alama: Kisa cha Mita ya Maji Chuoni

Mchoro ulionyeshwa ukutani saa nne asubuhi, na chai ilipoletwa tayari ulikuwa umeshapigiwa makofi. Ulikuwa na nguzo mbili tu, ndefu ya mwaka wa nyuma na fupi ya mwaka uliokuwa ukiisha. Chini yake paliandikwa kuwa matumizi ya maji kwa kila mtu chuoni yameshuka kwa asilimia 36. Naibu wa Makamu Chansela, profesa anayeshughulikia mipango, alivua miwani akaipangusa na kusema, "Hii ndiyo itakayotubeba." Alikuwa akisema habari ya orodha za kimataifa zinazopima jinsi vyuo vikuu vinavyotunza mazingira na watu, ambazo mwaka ule tulikuwa tumeamua kujiunga na mojawapo.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati iliyoshughulikia jambo hilo. Chuo sitakitaja. Kiko Nairobi, na yeyote aliyewahi kulala bweni katika jiji hili atadhani ni chake. Tarakimu za chuo nazo nimezigeuza: maji ya bomba ya mwaka wa kwanza nimeyaita 100, idadi ya watu wa mwaka huo nimeiita 100 vilevile, na yote mengine nimeyapima kutoka hapo.

Mchoro haukuwa na kasoro ya kuonekana kwa macho. Kilichonikera ni mkokoteni. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimepishana nao langoni, umesheheni mitungi ya njano ya lita 20, na wasichana wawili waliojifunga leso wakibishana bei na mwenye nao. Chuo kilichopunguza maji kwa zaidi ya theluthi, mbona wauza maji wamekizunguka kama nzi kwenye muwa?

Kwanza kuhusu hizo orodha, kwa wasiozijua. Ya UI GreenMetric ilianzishwa na Chuo Kikuu cha Indonesia mwaka 2010. Wakati huo ilikuwa na mafungu sita: mazingira ya chuo na majengo yake, nishati na tabianchi, taka, maji, usafiri, elimu na utafiti. Nishati ndiyo iliyokuwa na uzito mkubwa, asilimia 21, na maji yalikuwa na 10 tu. Ya Times Higher Education, jarida la Uingereza la elimu ya juu, ilianza mwaka 2019 na inafuata malengo 17 ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa. Hii ndiyo tuliyojiunga nayo. Kwa kanuni tulizopewa, lengo la 17, la ushirikiano, lilikuwa la lazima na lilibeba asilimia 22 ya alama ya jumla. Kisha yalichukuliwa malengo mengine matatu ambayo chuo kimeyafanya vizuri zaidi, kila moja likiwa na asilimia 26. Yaani mtahiniwa anajibu maswali yote anayoyaweza, halafu yanasahihishwa yale aliyopata. Kuna pia STARS, inayoendeshwa na chama cha AASHE cha Marekani. Hiyo haipangi vyuo kwa nafasi ya kwanza na ya mia, hutoa madaraja ya shaba, fedha, dhahabu na platinamu.

Zote zinafanana kwa jambo moja. Chuo hujiandikia chenyewe, kikaambatisha ushahidi, na wapimaji hukagua wakiwa mbali. Hakuna anayetumwa kuja kufungua bomba la bweni la wasichana Jumanne jioni.

Kamati ilikuwa imechagua lengo la 6, la maji safi na usafi, kuwa mojawapo ya silaha zetu kwa ajili ya mchoro ule. Hapa nataka kuitendea haki fomu. Ilitaka maji yote yanayotumika chuoni: ya bomba la jiji, ya mtoni au ziwani kama yapo, na yanayovutwa kutoka ardhini. Haikutuambia tulete bomba peke yake. Sisi ndio tuliolileta peke yake, kwa sababu bomba ndilo lenye bili, na bili ndiyo iliyokuwa kwenye kompyuta ya mhasibu. Nimeshiriki kamati nyingi tangu wakati huo, na karibu kila mara kinachohesabiwa ni kile ambacho tayari kina risiti.

Nikaanza na fundi wa maji, mzee aliyekaa chuoni kuliko majengo yake mengi. Nilimkuta nyuma ya karakana akifunga uzi kwenye koki.

"Mzee, shikamoo. Maji yamepungua kweli mwaka huu?"

"Marahaba. Yamepungua wapi?"

"Kwenye mita."

Alicheka hadi akaweka koki chini. "Mita inahesabu kinachopita, Daktari. Kisichopita itakihesabuje?"

Akanieleza mgao. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, huko Murang'a, na jiji limekua kuliko mabomba yake, kwa hiyo mitaa hupokezana siku. Mwaka wa kwanza wa mchoro wetu, chuo kilikuwa kikipata maji siku tano kwa wiki. Mwaka wa pili zilikuwa tatu, tena kwa nguvu ndogo. Nguzo fupi iliyopigiwa makofi ilikuwa picha ya ratiba ya mgao.

Lakini watu hawaishi bila maji, na chuo hakikuwa kimefungwa. Basi maji yalitoka wapi? Mzee akaninyooshea mkono kuelekea kibanda cha pampu. Kisima kirefu kilichimbwa zamani, na kilikuwa na kibali cha kuvuta maji ya ardhini kama Sheria ya Maji ya 2016 inavyotaka. Mita iliyopaswa kuwa kinywani pake ilikuwa imekufa miaka mingi, kioo chake kimejaa ukungu na buibui. Nikadhani safari imeishia pale. Aliyeniokoa ni askari wa lango la nyuma, ambaye ndiye huwasha na kuzima pampu.

"Mkubwa, mimi huandika," akaniambia, akafungua kitabu cha matukio. Katikati ya wageni waliokuja bila kitambulisho na paka aliyekwama darini, mistari ilikuwepo, siku baada ya siku: pampu imewashwa saa kumi na moja alfajiri, imezimwa saa nne. Mwaka mzima! Hakuna aliyewahi kumwagiza kufanya hesabu ya maji. Alikuwa akijilinda tu, pampu ikiungua asiambiwe aliisahau.

Saa za pampu bado si lita. Kibandiko cha kiwandani kilikuwa na kiwango chake, lakini pampu huzeeka kama sisi. Kwa hiyo tukamwaga tangi la lita 10,000, tukawasha, tukatazama saa. Lilijaa kwa saa moja na dakika arobaini, maana yake lita 6,000 kwa saa. Tukazidisha kwa saa za askari. Maji ya kisima yalikuwa 7 mwaka wa kwanza na 18 mwaka wa pili, kwa kipimo kile cha bomba kuwa 100. Makadirio hayo yana upungufu wake: kina cha maji kisimani hubadilika kiangazi na masika, na askari wa zamu ya usiku hakuwa mwandishi hodari kama mwenzake. Hata hivyo yalikuwa bora kuliko sifuri tuliyokuwa tumeiandika.

Malori ya maji niliyapata idara ya ununuzi, kwenye faili lililoandikwa "huduma za dharura", pamoja na kukodi mahema na kufukuza nyuki. Kila ankara ilitaja ujazo wa lori, kwa hiyo kujumlisha kulikuwa rahisi: 1 mwaka wa kwanza, 4 mwaka wa pili.

Bomba likawa limeshuka kutoka 100 hadi 74, lakini jumla ya maji yote ilishuka kutoka 108 hadi 96. Upungufu wa asilimia 26 ukawa 11. Na hapo bado sijagusa watu tuliowagawia maji hayo.

Maana kugawa kwa kichwa kuna vichwa vyake. Mwaka wa kwanza, aliyetengeneza hesabu alichukua wanafunzi waliosajiliwa na kuanza masomo. Mwaka wa pili kijana mwingine alivuta orodha yote kutoka kwenye mfumo. Ikaja na wanaosoma kwa intaneti kutoka kaunti nyingine, wa jioni wanaoingia saa kumi na mbili na kutoka saa tatu, na wale walioahirisha masomo kwa kukosa karo lakini majina yao hayajafutwa. Watu wakawa 115. Kwa kanuni ya mwaka wa kwanza walikuwa 103. Hakuna aliyekusudia hila. Kijana alibonyeza kitufe kilichokuwa kinafanya kazi. Lakini mwanafunzi aliyeko Lodwar akisoma kwa simu hatumii choo chetu, na kumhesabu ni kumfanya kila aliyepo aonekane mpole wa maji.

STARS imelifikiria jambo hili kuliko wengine. Katika matoleo yake niliyoyasoma, anayelala chuoni huhesabiwa mtu kamili na wa kutwa huhesabiwa robo tatu, na wa masomo ya mbali huondolewa. Pia uzito wa alama za maji hutegemea uhaba wa maji mahali chuo kilipo. Nilipendekeza tuazime kanuni ile ya vichwa hata kama tulikuwa tukijaza fomu nyingine, ili tujue ukweli wetu wenyewe. Wazo halikupita. Tulirudi tu kwenye kanuni ya mwaka wa kwanza.

Tukigawa maji yote kwa watu wanaolingana, matumizi kwa kila mtu yalikuwa yameshuka kwa asilimia 14 hivi. Kutoka 36.

Sasa hiyo 14 ni ya nini? Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na ndipo nilipotumia muda mwingi. Sehemu yake ilikuwa kazi halali: jengo moja la madarasa lilikuwa limewekewa koki zinazojifunga zenyewe, na bomba lililokuwa likivuja chini ya uwanja wa mpira lilipatikana na kuzibwa. Mzee wa karakana alijivunia hilo bomba kama mtu aliyekamata mwizi. Sehemu iliyobaki ilikuwa kiu.

Matroni wa bweni la wasichana ana daftari la mistari la shule ya msingi. Kila siku ana herufi moja: M kama kuna maji, H kama hakuna. Alianza kuliandika kwa sababu wazazi humpigia simu. Nilipolisoma niliona H zinafuatana kwa siku mbili, tatu, kisha M moja, kisha H tena. Siku za H, wasichana hununua. Mtungi wa lita 20 ulikuwa shilingi 20 langoni, na wanaoubeba hadi ghorofa ya nne huongezwa chochote. Tulisimama pale na mwanafunzi wa takwimu asubuhi mbili za H, tukahesabu mitungi inayoingia. Shilingi moja kwa lita ni shilingi 1,000 kwa mita ya ujazo, mara kadhaa ya bei ya bomba. Maji hayo hayakuwa kwenye bili ya chuo, wala kwenye faili la nyuki na mahema. Yalikuwa kwenye mfuko wa msichana anayesubiri mkopo wake wa serikali uingie.

"Na wasio na hiyo ishirini, Mama?" nikamuuliza matroni.

"Wanaoga kwa lita tano, mwanangu. Wengine wanarudi nyumbani wiki ya hedhi. Wewe ulidhani wanakosa darasa kwa uvivu?"

Kipimo chetu cha mazingira kilikuwa kinamsifu msichana huyo. Lita tano! Mfano bora wa uhifadhi. Kumbe mzigo ulikuwa umehama kutoka kwenye bajeti ya chuo kwenda kwa mwanafunzi, na kwenye fomu ukasomeka kama ufanisi. Orodha hizi zinadai kupima mazingira na jamii kwa pamoja, lakini katika kisa hiki alama ya moja ilipanda kwa sababu nyingine iliumia, na hakuna safu iliyoyakutanisha hayo mawili.

Baada ya hapo nilianza kuiona hila hiyo kila nilipogeuka. GreenMetric huuliza idadi ya magari na pikipiki ukilinganisha na watu wa chuo. Wanafunzi wetu wengi huja kwa matatu, wengine kwa miguu kutoka Kibera au Mathare, kwa hiyo tunang'aa bila kujenga hata njia moja ya baiskeli. Kwenye umeme, gridi ya Kenya ni ya mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Ziwa Turkana kwa sehemu kubwa, kwa hiyo taa zikiwaka usiku kucha bado hesabu yetu ya kaboni ni ndogo kuliko ya chuo kinachotumia makaa ya mawe. Stima ikipotea ndipo mambo hugeuka, kwa kuwa kila lita ya dizeli ya jenereta hutoa kilo 2.7 hivi za kaboni dioksidi, na dizeli yetu ilikuwa imeandikwa pamoja na mafuta ya basi. Kuhusu mifuko ya plastiki, tulitaka alama kwa kutoitumia. Imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017. Ni kama kuomba zawadi kwa kutoiba.

Sikusema kwamba vyuo vyetu havina la kuonyesha. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka paneli za jua za kilowati 600 juu ya mapaa yake mwaka 2014, kitu unachoweza kwenda kukiona kwa macho. Na jiji hili ndilo la Wangari Maathai, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi kabla dunia haijampa Nobeli mwaka 2004. Ndiyo maana nilikasirika zaidi: tuna ya kweli, mbona tujitafutie sifa kwenye mabomba makavu?

Upande wa jamii tuliupita haraka, na nitaupita haraka hapa pia, ila mambo mawili. Fomu ya lengo la 8, la kazi zenye staha na ukuaji wa uchumi, iliuliza kama wafanyakazi wa kampuni za nje wana haki sawa na walioajiriwa na chuo. Wasafishaji wetu wote ni wa kampuni ya nje. Mtu wa rasilimali watu alijibu "hawahusiki", kwa hoja kwamba si wafanyakazi wetu, wakati swali liliulizwa kwa ajili yao hasa. Na ya lengo la 5, la usawa wa kijinsia, ilitaka kujua ni wasichana wangapi walio wa kwanza katika familia zao kuingia chuo kikuu. Msajili hakuwa na jibu, kwa kuwa fomu ya kujiunga huuliza kazi ya baba, dini, na shule ya msingi, lakini hilo haiulizi. Mwenzetu mmoja akapendekeza tukadirie. Tukaacha wazi, na nadhani hiyo ndiyo safu ya heshima kuliko zote tulizotuma.

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi na wa moto. Niliweka nguzo mpya ukutani: bomba, kisima na malori zikiwa na rangi tofauti, watu wakiwa wamehesabiwa kwa kanuni moja. Profesa alitazama kwa muda.

"Daktari, unajua wenzetu wanaandika nini?"

"Sijui, Prof."

"Basi. Unataka sisi pekee tujifunge mawe shingoni."

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Orodha ya kujiandikia humwadhibu msema kweli akiwa peke yake, na chuo kinachokosa nafasi hukosa pia wafadhili na wanafunzi wa nje. Nilimjibu kwa kitu kidogo zaidi. Tukituma 36, mwaka ujao itakuwa ndiyo msingi. Siku mgao ukiisha na mabomba yakarudi, tutaonekana tumeharibu mazingira kwa kuwapa wanafunzi maji ya kuoga. Hapo alinyamaza. Mhasibu, ambaye hadi wakati huo hakuwa amefungua mdomo, akasema, "Hiyo kweli, Prof. Tutaadhibiwa kwa kupona."

Tulituma 14, pamoja na maelezo ya jinsi kisima kilivyokadiriwa na kwamba bomba lilikuwa la mgao. Sikufanikiwa kuingiza daftari la matroni kama ushahidi; ilisemekana halikuwa hati rasmi. Nafasi tuliyopata haikuwa ya kujivunia, wala ya kujificha. Mita mpya ya kisima ilifungwa miezi michache baadaye, na nakiri haikufungwa kwa ajili ya ripoti yangu: mkaguzi wa hesabu aliuliza mbona umeme wa pampu umepanda. Malori yalitolewa kwenye faili la dharura yakapewa safu yake. Kuhusu mitungi ya langoni, kamati iliamua kwamba ni "biashara binafsi ya wanafunzi".

Mwaka uliofuata nilipita tena bwenini kuchukua nakala ya daftari, safari hii kwa hiari yangu tu. Matroni alikuwa ameongeza herufi. M, H, H, N, N, M, N.

"Mama, hii N ni nini?"

"Ni nusu. Yanakuja saa nane usiku, kabla ya adhana yameshaondoka. Anayekesha anajaza ndoo, anayelala amekosa." Akanikabidhi daftari. "Sasa hiyo, mwanangu, kwenye fomu yako utaiandika kama yapo au hayapo?"